Daktari Mkono na Daktari Kioo

Watu huniita Mkono, na kabla hujacheka nikueleze. Mimi ni daktari wa mifugo. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikivaa glavu ndefu ya plastiki mpaka begani, naingiza mkono kwa nyuma ya ng'ombe, nafumba macho, kisha namwambia mwenye ng'ombe: ana mimba, ya miezi mitatu, imekaa upande wa kulia. Huwa sikosei. Au tuseme nimekosea mara nne, na zote nne nazikumbuka mpaka rangi ya ng'ombe. Mkono huo ndio ulionipa jina, na jina lenyewe nililipenda kuliko lile nililopewa na baba.

Kisha akarudi mdogo wangu.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye, tumeachana miaka kumi na mmoja. Nimembeba mgongoni huyo. Naye akawa daktari wa mifugo, na nani alimtia hamu kama si mimi? Mimi ndiye niliyemfundisha kukata kucha kabla ya kuvaa glavu, na kutambua kwa kumtazama ng'ombe machoni kwamba anakaribia kupiga teke. Akaenda kusomea mambo ya picha za ndani ya mwili, miaka miwili, akarudi na mashine ya ultrasaundi inayobebeka kama begi la shule, pamoja na kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau. Kucha zile ziliniuma kuliko mashine. Maana yake ni kwamba yeye hana haja ya kuingiza mkono popote.

Mwenye kliniki alifurahi mpaka akachukua stoo yangu. Ndani ya siku tatu stoo ikawa chumba cha picha: mapazia mazito, meza yenye godoro lililobonyea katikati ambamo mbwa hulazwa chali bila kuyumba, mashine ya kunyolea manyoya, benchi la wenye wanyama, na chupa ya jeli iliyowekwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu ili isimshtue mnyama tumboni. Dawa zangu za minyoo zilihamia chini ya ngazi, pamoja na ufagio na ndoo za kudekia.

Na watu wakaja. Ala, walivyokuja! Kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliletwa paka aliyeshindwa kukojoa; mdogo wangu akamnyoa tumbo, akampaka jeli, akapitisha kichwa cha mashine, kile chenye waya kinachoshikwa mkononi, na pale kwenye kioo mawe ya kibofu yakaonekana yanang'aa, mwenye paka akashika mdomo. Mbwa mwenye mimba analetwa na ukoo mzima, mpaka shangazi, wamebanana kwenye benchi kuangalia mioyo ya watoto wa mbwa ikidunda. Wanakipiga picha kile kioo kwa simu na kuwatumia ndugu zao walio mbali. Mimi mkono wangu ukitoka ndani ya ng'ombe, hakuna binadamu aliyewahi kutaka kuupiga picha.

Wakamwita Kioo. Hata mwezi haukuisha. Mimi nilifanya kazi miaka sita kabla ya mtu yeyote kunipa jina.

Nakiri kwamba nilikuwa na kijicho. Mume wangu nilimwambia nina wasiwasi na ubora wa huduma, akaguna tu, maana ananijua. Kilikuwa kijicho, cha kukaa kooni kama mwiba wa samaki: ukinywa maji haushuki, ukimeza tonge haushuki. Nikisikia kicheko kutoka chumba cha picha, najua nachekwa mimi, hata kama anayechekwa ni paka. Siku moja alikosea jina la mteja, nikashinda nimefurahi mpaka jioni.

Mama naye hakunisaidia. Alibandika picha ya watoto wa mbwa walio tumboni, mbwa wa mtu asiyemjua, ukutani juu ya kabati la vyombo.

"Mwone mdogo wako anavyoona mpaka ndani," aliniambia siku tuliyokusanyika kwake kwa chakula cha mchana.

"Mama, mimi naingia mpaka ndani."

"Acha maneno machafu, watu wanakula."

Lililonichoma zaidi ni kwamba mdogo wangu hakuwa na ubaya. Angekuwa na majivuno ningepata pa kumshikia. Aliniita dada mbele ya watu, aliniletea chai akinikuta nimenuna chini ya ngazi na dawa zangu. "Njoo nikufundishe mashine, dada," alikuwa akisema. "Wewe na mkono wako huo, ukiijua na hii, nani atatuweza?" Nami namjibu kwamba macho yangu yamechoka. Kumbe nilikuwa naiba kwa pembeni, nimesimama mlangoni najifanya natafuta kitu. Kwa wizi huo nilijifunza mambo mawili tu: kwamba jeli hupakwa nyingi, na kwamba, kama alivyomwambia mwenye mbwa mmoja aliyetaka kujaribu, ukishaipata picha tulia, usitikise mkono.

Sasa nimtaje Mwalimu. Ni mzee mstaafu aliyefundisha hesabu nusu ya watu wa huku, mimi na mdogo wangu tukiwemo. Ana ng'ombe mmoja tu, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliyeachiwa na marehemu mkewe. Mke alipofariki watu walidhani atamuuza. Hakumuuza, bali alijifunza kukamua uzeeni, kwa kusoma kitabu kwanza kama kawaida yake. Ng'ombe huyo alikuwa ameharibu mimba mbili mfululizo. Hii ya tatu niliigundua mimi kwa mkono, ikiwa ya miezi miwili, na Mwalimu akaandika namba mbili kwa chaki kwenye mlango wa banda. Kila mwezi alifuta na kuandika upya. Sasa mlangoni palikuwa na namba nane.

Asubuhi hiyo alipiga simu kliniki, nikapokea mimi. Ng'ombe ameteleza kwenye saruji jana, ameangukia tumbo, tangu hapo hali majani vizuri, na mkia wake umechafuka ute wenye damu.

"Mlete Kioo," alisema.

Alijua fika anaongea na nani.

"Na wewe uje," akaongeza, kama mtu anayemkaribisha jirani kwa kuwa amemkuta mlangoni.

Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo nilivyotaka kumjibu. Nikasema, "Tunakuja, Mwalimu."

Tulimkuta ng'ombe amefungwa kwenye nguzo, masikio yameshuka. Mdogo wangu alimnyoa ubavu wa kulia, chini karibu na kiwele, akapaka jeli, akaitundika mashine kwenye msumari wa nguzo, akainama. Alipitisha kichwa cha mashine polepole, akasimama mahali, akabonyeza hapa na pale, amekunja uso. Hakusema neno. Mwalimu alimkodolea macho usoni, na mimi nikamkodolea Mwalimu. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo nikiwa kazini. Labda kwa sababu mimi hufumba macho, sijui.

Simu ya mdogo wangu ikalia. Ilikuwa kliniki: mbwa aliyepasuliwa mapema siku hiyo anavuja damu, wamfanyeje? Mtandao pale bandani ulikuwa unakatikakatika. Akatundika kichwa cha mashine juu ya msumari.

"Dada, nipeni dakika chache. Msiguse kitu, nakuja."

Akatoka mbio kuelekea barabarani.

Msiguse kitu! Mimi niambiwe hivyo, na mtoto niliyemfundisha kushika sindano, tena mbele ya Mwalimu. Nilihisi masikio yanapata moto.

"Ameona nini?" Mwalimu aliuliza. "Mbona amenyamaza vile?"

"Hakusema."

"Wewe huwezi kuangalia?"

Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza pia kuvaa glavu yangu, ilikuwa mfukoni mwa koti. Mimba ya miezi minane inafikika. Mkono ungegusa ndama na kazi ingeisha. Lakini Mwalimu hakuulizia mkono. Alikuwa anakitazama kioo.

"Naweza, Mwalimu," nikasema. "Kwani hii ni nini? Ni televisheni tu."

Nikachukua kichwa cha mashine, nikakibandika palipopakwa jeli, nikainua macho. Na kweli, picha hiyo hapo! Mbavu za ndama zimepangana nyeupe kama meno ya kitana, na katikati yake moyo, na vyumba vyake vinne, safi kama mchoro wa kitabuni. Nilitaka kupiga kigelegele. Mara ya kwanza tu na nimeupata moyo! Kumbe kazi anayosifiwa kote huko ndiyo hii. Nikakumbuka nilichoiba mlangoni: ukishaipata picha, tulia. Nikatulia tuli, hata pumzi nikaibana.

Moyo haukupiga.

Nikasubiri. Nikahesabu mpaka thelathini, nikahesabu tena mpaka sitini. Hakuna kilichotikisika kwenye kioo. Kwenye kona palikuwa na alama ndogo, kinyota chenye matawi sita, nikadhani ni mambo ya betri.

"Mwalimu," nikasema, "ndama amekufa."

Niseme na hili, maana bila hili hadithi yangu ni ya uongo. Nilipotamka maneno yale, kuna mahali ndani yangu palifurahi. Si kwa ajili ya ndama, Mungu apishe mbali. Nilifurahi kwamba nimeona mimi. Nilijiambia kwamba Kioo naye ameona, akaogopa kusema, akajificha nyuma ya simu, na aliyekuwa na kifua cha kumwambia mzee ukweli ni mimi dada mtu.

Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, lakini hakuivaa.

"Wa tatu," alisema. Kisha akamwambia ng'ombe, siyo mimi, "Pole, mama."

Nikamweleza kwamba ndama mfu akibaki tumboni ataoza na kumuua mama yake. Ipo sindano ya kumtoa, na ni heri ichomwe leo kuliko kesho. Akaitikia kwa kichwa. Nikafungua boksi, nikavuta dawa, nikatoa hewa, nikampangusa ng'ombe shingoni kwa pamba yenye spiriti.

Tukasikia viatu vya mdogo wangu. Alisimama mlangoni anahema. Akaangalia sindano, akaangalia kioo, akaniangalia mimi. Uso ule nimeulea, nauelewa. Niliuona umebadilika mara mbili kwa mfululizo. Akaja upesi, akauweka mkono wake juu ya mkono wangu wenye sindano, na kwa kidole cha mkono wa pili akabonyeza kitufe kwenye mashine. Kinyota kikatoweka. Ile picha safi ikageuka vumbi jeupe na jeusi. Akaninyang'anya kichwa cha mashine kwa upole, akakibandika ubavuni, akakisogeza kidogo, na mbavu zikarudi, na moyo ukarudi, nao unadunda mbio mbio, hauna habari na sisi.

Ndipo nikaelewa. Alikuwa ameigandisha picha ili apime upana wa kifua cha ndama, simu ikalia, akaiacha vilevile. Moyo nilioutazama ulikuwa wa dakika kumi zilizopita. Na kwa kuwa nilitulia kama nguzo, sikuweza kugundua kwamba hata ningecheza ngoma pale, picha isingetikisika. Yule shangazi aliyemsindikiza mbwa asingefanya kosa hilo. Anayeweza kulifanya ni mtu aliyejifunza kwa kuchungulia.

"Kuna nini?" Mwalimu alisimama. "Hicho kinachocheza ni nini?"

Nikafungua mdomo. Mdogo wangu akaniwahi.

"Mwalimu, nisamehe. Kosa ni langu. Nilisoma vibaya. Nilipokuwa natoka nilimnong'oneza dada kwamba ndama amekufa, aandae sindano. Kumbe mashine ilikuwa imeganda, sikuona." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Dada, hebu tia mkono. Uhakikishe wewe."

Nikarudisha sindano kwenye boksi, nikavaa glavu. Plastiki ikanishinda, akanisaidia kuivuta. Nikaingiza mkono mpaka begani, nikafumba macho. Mlango wa kizazi ulikuwa umefunga vizuri. Nikaenda mbele, nikaukuta mguu mdogo, nikaubana pale kati ya kwato. Ndama akauvuta mguu wake kwa nguvu, kwa kero, kama aliyeamshwa usingizini.

"Yu hai," nikasema. "Apumzishwe, asitembezwe, atolewe kwenye saruji. Yu hai, Mwalimu." Machozi yalinitoka nikajifanya ni jasho.

Mwalimu aliweka kiganja kwenye shingo ya ng'ombe, pale pale nilipopangusa. Halafu akamgeukia mdogo wangu.

"Binti, unajua ulichotaka kunifanyia?"

"Najua, Mwalimu. Samahani."

"Samahani! Huyu si wangu, huyu ni wa mke wangu. Ungekuja peke yako leo na hiyo televisheni yako ningekuwa nachimba shimo. Ni mkono wa dada yako ulioniokoa."

Hakuishia hapo. Mwalimu ni katibu wa chama cha wafugaji, na wiki iliyofuata mdogo wangu alikuwa apime ng'ombe wote wa chama kwa mashine, siku tano mfululizo. Kazi hiyo alikuwa akiisubiri tangu arudi. Alishachora mpaka ratiba, zizi baada ya zizi, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha picha. Nami kila nikipita pale nilikuwa naisoma huku nimeuma meno. Sasa Mwalimu alisimama mlangoni mwa banda, mtandao ukakubali kwa bahati, akampigia simu mwenyekiti, kwa sauti ya darasani.

"Ile ya wiki ijayo, ifute. Kioo karibu aniulie ndama. Ndiyo, leo hii. Tutamtumia Mkono, kama zamani."

Aliniita Mkono kwa sauti ya juu, mtaa mzima ukasikia.

Mdogo wangu alikuwa amenipa mgongo, anapangusa jeli kwenye kichwa cha mashine kwa kitambaa, taratibu, kila mfereji. Nilitaka anigeukie. Laiti angenitupia jicho moja la lawama, ningelidaka, tungegombana huko ndani ya gari, tungeyamaliza. Hakunigeukia. Na pale pale, mkono wangu umejaa kinyesi mpaka begani, nikamwonea wivu ambao sijawahi kumwonea kwa mashine wala kwa kucha wala kwa mama. Alikuwa ametoa jina lake na kazi yake, akaviacha viende, kwa ajili ya mtu aliyemchukia mwaka mzima. Mimi nisingeweza. Hata kwa ajili yake nisingeweza, na wote wawili tulilijua hilo.

Nikasema. Nataka ijulikane kwamba nilisema.

"Mwalimu, siyo yeye. Aliyeangalia ni mimi, aliyesoma vibaya ni mimi. Yeye hakuninong'oneza kitu."

Mwalimu alitia simu mfukoni. Akanitazama, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekaa na watoto miaka mingi akawaona wakisingiziana na wakibebeana.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema. "Mkono, mimi si mtoto. Nilipokuuliza ameona nini ulimfichia, kisha nimekuona kwa macho yangu unavyohangaika kuangalia tena kwenye kile kioo, unamtafutia mdogo wako pa kutokea. Dada ni dada. Ningeshangaa kama usingembebea." Akaja akanishika bega lile lililokuwa safi. "Watu wenye roho kama yako siku hizi wamekwisha."

Mdogo wangu aliacha kupangusa. Hakugeuka, lakini kitambaa kilisimama. Mashine ilikuwa bado msumarini, inawaka. Ningeweza kumvuta Mwalimu mpaka pale, nikambonyezea kile kitufe mbele ya macho yake, nikamwonesha kinyota kikija na moyo ukisimama. Mtu wa hesabu huyo, angeelewa kabla sijamaliza.

Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, una joto.

"Asante, Mwalimu," nikasema.